Paka Mwenye Hina Kichwani

Jumatatu, 22 Machi 1993

Panya tena. Amekula joho la kwaya, lile kubwa nililolimaliza Jumamosi na kulipiga pasi. Si kutoboa tu. Ametafuna kola yote akashuka mpaka kifuani, kama mtu aliyeketi kula bila haraka. Nilikaa na joho mapajani nikatukana kwa Kijaluo, nikatukana kwa Kiswahili, nikamalizia na maneno ya Kitaita ambayo marehemu mume wangu Mwakio alinifundisha akidhani sitapata pa kuyatumia.

Kitambaa si changu. Ni cha kanisa. Kwaya wanataka majoho yao kabla ya Pasaka, na mwenyekiti wao, Bwana Okumu, anajua urefu wa kila kipande alichonikabidhi. Kilichobaki kinatosha kuziba joho hili. Panya akirudi mara nyingine, sina pa kukata. Kwaya nzima itavaa bluu isipokuwa mtu mmoja, na huyo mmoja atasimama mbele akitangaza jina langu.

Mama Odhis wa chumba cha pili anasema, "Si uweke sumu tu, Nyar Seme." Ndiyo anavyoniita, binti wa Seme, ingawa nimetoka Kombewa miaka mingi. Sumu niweke wapi? Kuku wake wanashinda chumbani kwangu kuliko mimi. Wakifa ataniuliza mimi.

Mgongo unauma. Nimeziba joho. Mshono unaonekana ukijua pa kuangalia.

Jumanne, 23 Machi

Mtego umekamata kidole changu. Chambo ameenda nacho.

Ijumaa, 26 Machi

Idd imepita. Wiki nzima nilikuwa nashona nguo za watoto wa Kiislamu mchana na majoho jioni, sasa angalau ni majoho peke yake. Mvua kubwa tangu asubuhi. Wanasema Ahero maji yameingia tena mpaka kwenye nyumba.

Mchana paka ameingia. Niko kwenye cherehani, mlango wazi, akapita hivi, amelowa, akajipangusa kwenye mguu wangu na kwenda moja kwa moja kulala juu ya mabaki ya kitambaa chini ya meza. Hakuomba ruhusa. Nilisema "Toka!" Akafumba macho.

Dume. Mweupe, mgongo wa kijivu. Si paka wa jalala. Wale nawajua, shingo nyembamba na masikio yaliyoliwa. Huyu ana tumbo. Nilimpa mgongo wazi nilionunua kwa wamama wa Obunga, mifupa ya samaki yenye nyama bado, kitu ambacho paka yeyote wa mji huu angeua mwenzake apate. Akanusa, akageuza uso. Nilipopakua wali wangu akaja mbio, akakaa wima mbele ya sahani. Wali! Nikamwekea kidogo na maziwa ya chai. Akamaliza mpaka punje ya mwisho.

Kitu kimoja sikipendi. Katikati ya masikio ana bato jekundujekundu, kama rangi ya matofali. Na ncha ya mkia vilevile. Nahofia ni choa.

Jumamosi, 27 Machi

Nimeenda duka la dawa za mifugo. Muuzaji hakutaka hata kumwona. Akasikia "doa", akasema choa, akanipa GV, ile dawa ya zambarau tuliyopakwa mdomoni tukiwa wadogo. Nikampaka kichwani na mkiani. Alinikwaruza mkono mzima. Nilipaka sana, nisije nikaleta choa kwenye majoho ya Mungu.

Sasa paka ana kichwa cha zambarau, mimi nina vidole vya zambarau, na Mama Odhis ameshikilia nguzo ya veranda akicheka. "Yawa! Hiyo paka umeifanya askofu!"

Acha acheke. Jana hakuna kitambaa kilichotafunwa.

Jumatano, 31 Machi

Panya mkubwa amelala mlangoni asubuhi, amekufa, amenyooshwa vizuri. Paka kando yake anajiramba. Nilimpigia makofi. Kweli nilimpigia makofi, mtu mzima, asubuhi, na kanga yangu.

Nimemwita Inspekta. Mwakio alikuwa mkaguzi wa tiketi kwenye gari moshi, na huyu naye hawezi kupita kitu bila kukikagua. Mfuko wa unga, sanduku la bobini, kiatu cha mteja. Anakaa juu ya kitambaa wakati nakata na inabidi nikate nikimzunguka.

Kazi inaenda. Nimelala wiki hii kama sijalala tangu Mwakio aondoke. Naongea na paka, sikatai. Naandika hapa kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha ya nyumba hii, niliyoishi nayo na Mwakio, na sasa naona nina mtu wa kuizungumza naye tena. Namwuliza, "Unaona huu mkono umekaa sawa?" Anapiga miayo.

Leo nilijiuliza nani alimzoesha wali na maziwa. Nikaliacha swali hilo hapo hapo.

Ijumaa, 2 Aprili

Sijui nianzie wapi. Niandike tu.

Asubuhi alipita mwanamke kijana, mgeni, amejifunga mtandio, anaingia kila duka na kila veranda upande huu wa barabara. Alipofika kwangu akasalimia vizuri. Akasema anaitwa Maimuna, amekuja kutoka Nakuru kusherehekea Idd kwa shangazi yake hapo ng'ambo, Kaloleni. Siku ya Idd wageni walikuwa wengi, mlango ukaachwa wazi, paka wa shangazi akatoka. Shangazi hali chakula. Akaniuliza, "Hamjaona paka mweupe, kichwani ana hina?"

Nikasema hapana. Nilisema bila kufikiri, na nilikuwa nasema kweli. Paka mwenye hina? Sijawahi kusikia. Hina ni ya bibi harusi.

Inspekta alikuwa chini ya meza, amejikunja, kichwa kile cha zambarau ndicho kinachoonekana. Maimuna akamwona. Akauliza, "Huyu wako ana nini?" Nikasema ana choa. Akasema pole, akasogeza gauni lake lisimguse, akaenda.

Hapo ndipo nilipoinama. Kandokando ya ile zambarau, pale dawa haikufika, manyoya ni ya rangi ya machungwa. Nikayafunua kwa kidole. Ngozi chini ni safi. Hakuna choa. Hakukuwa na choa hata siku moja. Ni hina. Mtu alikaa na huyu paka mapajani, akampaka hina kichwani na mkiani, na paka akatulia mpaka ikakauka.

Maimuna alikuwa hajafika mbali. Alikuwa kwa muuza makaa, nilimsikia akiuliza swali lile lile. Ningemwita tu. Sauti ninayo, Mama Odhis anasema inafika ziwani.

Sikumwita. Nilikanyaga cherehani, nikashona, mpaka akapotea. Ndivyo nilivyofanya.

Jumamosi, 3 Aprili

Nimejitetea siku nzima.

Sikumwiba. Aliingia mwenyewe, kwa miguu yake minne. Mlango wao wenyewe ndio waliouacha wazi. Paka akitaka kurudi kwao, njia anaijua. Mbona hajaenda? Na majoho je? Yamebaki machache na Pasaka iko hapa. Nikimtoa sasa, panya atarudi, na kanisa zima litaniangalia mimi. Nitampeleka baada ya Pasaka. Kuna ubaya gani? Wiki moja tu.

Kisha namwangalia na tumbo lake, nakumbuka "shangazi hali", na utetezi wote unaanguka. Naanza upya.

Nimemweleza Mama Odhis. Nilidhani atanigombeza, nilitaka anigombeze. Aliposikia hina alikaa chini kabisa, machozi ya kicheko. Hina kwa paka! Kwetu paka ni wa panya, unamweka nyumbani kama unavyoweka jembe. Hapakwi kitu, haulizwi analala wapi, hata jina hana. "Mtu wa kulilia paka hana shida ingine," akasema. Nikacheka naye. Niliporudi chumbani nikajichukia kwa kicheko hicho.

Maana mimi mwenyewe nimempa jina.

Jumatatu, 5 Aprili

Amekuja. Shangazi mwenyewe.

Niliwaona kutoka mbali, Maimuna amemshika mkono, mzee mfupi, mwembamba, buibui limechafuka tope kwenye pindo. Sikungoja kujua ni nani. Nilimbeba Inspekta nikamtupa chumba cha ndani na kufunga mlango. Mikono ilitangulia akili. Nikageuka nikatabasamu.

Bi Zuhura, anaitwa. Amekuja na kitambaa cha zawadi ya Idd, kijani chenye maua madogo, anataka gauni la kawaida la kukaa nyumbani. Maimuna anampigia kelele sikioni kila neno. "FUNDI ANAULIZA MIKONO MIREFU AU MIFUPI!" Nikaona, ah, hasikii. Mungu anisamehe, nilishukuru.

Nikaanza kupima. Kifua, mabega, urefu. Inspekta akaanza kulia nyuma ya mlango. Si kulia kidogo. Aliita, akakwaruza mbao, akaita tena. Maimuna alikuwa amesimama nje kwenye veranda anaongea na Mama Odhis. Bi Zuhura amenyoosha mikono yote miwili kama nilivyomwomba, uso wake karibu na wangu, macho ametazama ukutani. Mimi napima kiuno chake mara ya pili na ya tatu na namba hazikai kichwani.

Nikamwambia anipe mkono, nipime kifundo. Akaufungua. Vidole vyote vina hina mpaka kwenye kiungo cha kwanza, imeanza kupauka. Rangi ile ile. Nilijua, lakini kuiona ni kitu kingine.

Akaniona naiangalia, akaeleza bila mimi kuuliza. Usiku wa Idd huchanganya hina ndogo tu kwenye bakuli, akampaka kila anayekula nyumbani kwake. Zamani walikuwa wengi, bakuli lilikuwa halitoshi. Watoto wameoa na kuolewa, mumewe amekufa. Sasa bakuli ni la watu wawili, yeye na Mchele. Nikauliza Mchele ni nani. Niliuliza! Ulimi wangu mwenyewe! Akasema, ni paka, kapotea, mama. Akasema "mama" kwangu, na ni mkubwa kuliko mama yangu mzazi.

Nilisema pole. Nikaandika vipimo. Akasema asante, fundi, atakuja kujaribu gauni baada ya sikukuu yenu. Akatoka polepole, amemshika Maimuna.

Nilipofungua mlango wa ndani Inspekta alinipita mbio mpaka verandani. Akasimama ananusa pale alipokuwa amesimama Bi Zuhura. Nilimkamata nikafunga mlango wa mbele pia. Mchana, joto lile, milango yote imefungwa, mimi na paka wa mtu.

Jumanne, 6 Aprili

Nimeshona mkono nyuma mbele. Nimefumua. Nimeshona tena nyuma mbele.

Nina hasira na yule mzee. Kwa nini aje kwangu? Mafundi wamejaa mji huu. Nina hasira na Maimuna na sauti yake. Nina hasira na Mwakio, maana angekuwepo paka angebaki paka tu.

Dawa inafifia. Asubuhi niliona rangi ya hina inachungulia katikati ya masikio, na mtu akipita verandani ataiona. Nikachukua ile chupa. Nikaketi chini, nikamweka Inspekta mapajani. Safari hii hakunikwaruza, ameshanizoea, alinyoosha shingo akidhani namkuna. Nikampaka zambarau juu ya hina, vizuri, mpaka kandokando.

Mara ya kwanza nilikuwa mjinga. Leo sikuwa mjinga.

Sikula.

Alhamisi, 8 Aprili

Majoho yamekwisha. Bwana Okumu amekuja na vijana wawili wa kwaya, wamehesabu, wamegeuza, wamevuta mishono. Joho lililozibwa hakuliona. Akasema kazi safi, Mungu akubariki. Wakaondoka wamebeba bluu mabegani.

Basi. Chumba hakina kitambaa cha mtu yeyote ila kile cha kijani. Sababu yangu imetoka mlangoni na Bwana Okumu.

Nilijiambia, haya, mchukue umpeleke sasa hivi. Nilichukua kikapu. Nikakirudisha. Nikapika wali, sina hata hamu ya wali, nikaweka maziwa.

Si majoho. Hayakuwa majoho. Nimlaumu panya wa nini? Ninachotaka ni mtu wa kuniangalia ninapoingia. Nimeandika na nimeliona, sasa lipo hapo kwenye karatasi, linatia aibu.

Ijumaa Kuu, 9 Aprili

Kanisani. Somo lilikuwa lile la Petro na jogoo, simjui mtu huyu, simjui. Niliangalia dari. Walipofika kwa jogoo nikatoka nje nikajifanya nakohoa.

Mvua imenishika njiani. Nilitembea tu ndani yake.

Jumamosi, 10 Aprili

Nimempeleka.

Nilimtia kwenye kikapu, nikafunika na kanga, nikavuka barabara kabla sijapata muda wa kujishauri. Alilia njia nzima. Tulipoingia Kaloleni alinyamaza. Kikapu kikaanza kutikisika, anatafuta pa kutokea, anajua harufu ya mahali. Mwanamke mmoja anayefua alinionyesha nyumba bila kuniuliza nina nini kikapuni.

Nilipanga maneno. Nitasema nimemwokota sokoni. Nitasema ameletwa na watoto. Mlango ukafunguliwa na Bi Zuhura peke yake, Maimuna amesharudi Nakuru. Nikasahau maneno yote. Niliinua kanga, nikasema kwa sauti kubwa ili asikie, "Bi Zuhura, huyu hapa. Alikuwa kwangu tangu Ijumaa ile baada ya Idd."

Hakuangalia kikapu kwanza. Aliniangalia mimi. Akasema, "Usipige kelele, mama. Nasikia."

Nikasema nilidhani, kwa sababu Maimuna...

"Maimuna ana sauti hiyo tangu mdogo." Kisha akasema, kwa utaratibu, bila ukali, "Nilimsikia Mchele Jumatatu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Alimsikia. Alisimama pale na mikono yake miwili hewani, futi yangu kiunoni mwake, anamsikia paka wake akimwita nyuma ya mlango, na alipomaliza akasema asante, fundi. Niliuliza kwa nini hakusema. Sijui nilipata wapi uso wa kuuliza.

Akasema angesema nini? Paka wote wana sauti. Angekosea, angekuwa amemwita mwanamke mjane mwizi ndani ya nyumba yake, mbele ya majirani zake. Na chumba cha ndani cha mtu hakiingiwi, hata kama unajua kilichomo. Kwao hawafanyi hivyo. Kwa hiyo aliacha kitambaa, ili awe na sababu ya kurudi. Gauni hata halihitaji, kitambaa alikuja nacho kwa sababu Maimuna alimtajia paka wa fundi mwenye kichwa cha zambarau.

Mchele alikuwa ameshatoka kikapuni. Alipita katikati ya miguu yake akaingia ndani bila kugeuka. Nilimwita. Nilimwita Inspekta, jina likanitoka. Hakugeuka hata hivyo.

Bi Zuhura akauliza ile rangi kichwani ni nini. Nikamwambia yote. Mara ya kwanza kwa kutojua, mara ya pili kwa kujua. Ile ya pili ningeweza kuificha, hakuna aliyeniona, lakini nilichoka. Alisikiliza akiwa ameshika kizingiti. Akauliza kama ni sumu akijiramba. Nikasema sijui, si sumu, sisi tulipakwa mdomoni. Akaitikia kwa kichwa.

Hakunikaribisha. Hakunitukana. Akasema sikukuu njema, akafunga mlango taratibu.

Nimerudi na kikapu kitupu. Mama Odhis ameuliza askofu yuko wapi. Nikamwambia amerudi kwao. Akafungua mdomo acheke, akaniona uso, akaenda kuniletea uji.

Jumapili, 11 Aprili

Pasaka. Kwaya walipendeza. Yule aliyevaa joho lililozibwa alisimama mstari wa mbele, bila shaka. Nililia, na mwanamke aliyekaa karibu nami alidhani ni kwa ajili ya wimbo.

Jumatano, 14 Aprili

Panya karudi. Nimetundika gauni la kijani kwenye kamba katikati ya chumba na nalala na taa ya chemli. Nimeamua hili halitaguswa hata uzi.

Bado nakata kitambaa nikiacha nafasi upande wa kushoto, anapokaa.

Jumamosi, 17 Aprili

Nimelipeleka gauni mwenyewe. Sikutaka avuke tope lile kuja kulijaribu kwangu.

Kwenye mabaki yake nilishona ukanda mwembamba, kitambaa mara mbili, na kifungo cha shati. Wa shingoni, wa paka. Niliuficha ndani ya gauni maana sikuwa na hakika nina haki ya kuleta zawadi. Aliukuta akilikunjua. Akaugeuza geuza, akavuta mshono kama anavyovuta Bwana Okumu.

Nilimwambia ni ili mtu mwingine akimwona asiweze kusema hakujua.

Alinitazama. Kisha akacheka kidogo, puani, akaniambia niingie. Niliingia mpaka sebuleni. Nikapewa chai na kaimati. Mchele alikuwa juu ya kiti, kichwa bado cha zambarau, anajifanya hanijui. Bi Zuhura alimfunga ukanda mwenyewe. Gauni la kijani, paka na ukanda wa kijani, mama na mwanawe.

Kuhusu lile jambo hakusema nimekusamehe, nami sikuomba. Tuliongea habari za mvua. Nilipokuwa natoka akauliza, "Panya wako je?" Nikasema wapo. Akasema pole, na nadhani alimaanisha.

Alhamisi, 3 Juni

Kazi nyepesi, sare za shule. Mvua imekwisha, veranda imekauka. Idd Kubwa imepita juzi.

Mchana nilisikia kitu mguuni. Ukanda wa kijani. Kichwani hina mpya, nyekundu kabisa, hata ncha ya mkia. Zambarau imeisha yote. Akapita chini ya meza, akakagua sanduku la bobini, akalala juu ya mabaki.

Sikumpa wali. Nilitaka kumpa. Nilimwacha alale, nikashona nikimzunguka.

Jua lilipoanza kushuka alisimama akajinyoosha. Mlango ulikuwa wazi. Ulikuwa wazi mchana kutwa, nilikuwa nimeweka kiti pale usijifunge na upepo. Nilimtazama mpaka akavuka barabara.